Mahali Pasipokanyagwa

Kazi yangu ni maji.
Maabara ya Bombo, chumba cha mwisho, dirisha lenye kutu,
naletewa chupa za visima vya Makorora na Mabawa
nami nazisoma kwa darubini:
hiki kijidudu, hiki si kijidudu.
Sijapata kuona chini ya kioo kile
kitu kilichoandikwa jina la Mungu,
na nilikwisha kulisema hilo, mwaka fulani, mbele ya futari.
Mama aliacha kijiko ndani ya uji
asiseme neno.

Ninachokikumbuka ni hicho. Kijiko.

Sasa mama kalala chumba cha uani,
ini lake limekwisha. Karatasi niliisoma mwenyewe,
sikuhitaji mtu wa kunifasiria.
Dada yangu Zamda kamwita Maalim Shekue
kutoka barabara ya kumi na saba,
naye kaja na kalamu ya mwanzi,
zafarani katika kichupa cha dawa ya kikohozi,
na sahani nyeupe ya kauri yenye ufa ukingoni.
Nikautazama ule ufa. Kwenye nyufa ndimo vinamolala.

Aliandika polepole.
Herufi zikazunguka sahani kama watu wanaotafuta mlango,
zikajaa mpaka zikakosa pa kukaa.
Kisha akasema: Maji.
Zamda akanitazama mimi.

Ningeweza kuchota pipani.
Ningeweza pia kutoa mhadhara; ninao,
umekaa tayari ulimini miaka kumi na tisa, una takwimu.
Niliwasha jiko la mafuta ya taa,
nikayachemsha, nikahesabu dakika,
nikayachuja, nikayapepea kwa gazeti yapoe,
na wote wakangoja, sahani ikikauka,
Maalim akivuta tasbihi bila kuuliza.
Nilipompa birika aliligusa ubavuni.
"Umeyapika."
"Nimeyapika."
"Haya. Sasa nami nitie langu."

Sikuamini. Niliweke wazi hilo,
maana wako watakaosema niliongoka.
Nilichokiona ni zafarani ikiachia kauri,
maandishi yakilegea, yakiwa maji ya manjano,
na mama, asiyemeza kitu tangu Jumapili,
akinyanyua kichwa mwenyewe.
Alikunywa mafunda matatu. La nne lilimshinda.

Ini halikusikia.
Alfajiri ya Ijumaa tulimfunga kidevu.

Watu wakaja, mikeka ikafika barabarani.
Hilari wa maabara alikaa nao, rozari mfukoni mwa shati,
akainua viganja walipoinua,
akavishusha nyuma yao kidogo,
kama mtu anayepanda ngazi gizani
akihesabu kwa miguu ya wenzake.

Usiku, vyombo vikioshwa, nikaikuta sahani
juu ya kabati, imefunikwa kawa,
na ndani yake lile funda la nne.

Najua kilichomo: maji, rangi ya ua, marashi,
na kwa siku mbili hizi, bila shaka, wakazi wapya.
Najua pia kwamba hayamwagwi msalani,
hayamwagwi njiani, hayamwagwi penye nyayo.
Hilo nililijua kabla sijajua kusoma.

Nikatoka nayo, mikono miwili.
Ua wetu wote ni nyayo. Kibarazani, nyayo.
Kisimani, nyayo na kwato za mbuzi wa jirani.
Nikazunguka kama mwizi anayerudisha mali,
mtu mzima, mwenye cheti ukutani,
nikitafuta katika Makorora nzima
kiganja kimoja cha ardhi kisichokanyagwa na mtu.

Nyuma ya tangi, pale kuta mbili zinapobanana
hata paka hupita ubavu,
pana asumini aliyoitupa mama, akidhani imekufa.
Nikanyoosha mkono mpaka bega likagota.
Nikamimina.
Sikusoma chochote. Sikuwa na cha kusoma.
Nilisimama tu, na baridi ikinipanda nyayoni
nikatambua kwamba niko miguu mitupu,
wala sijui viatu nilivivua saa ngapi.