Nyongeza

Msabila ameanika jeshi lake juu ya gunia,
Isevya, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga.
Askari kimo cha kidole, kofia nyekundu:
"Elfu sitini. Wa zamani huyu."

Namgeuza. Chini ya kisigino rangi bado inanata.
Uzee wa juzi, namwambia, wa kupaka kiwi.
Anacheka. Arobaini.

Pembeni, mpagazi. Mninga mtupu,
pembe ya ndovu begani, shingo imelala
vile mzigo unavyoilaza shingo.
Aliyemchonga huyu amewahi kubeba.

"Na huyu?"
"Huyo? Hana hata bunduki.
Chukua, nyongeza."

Nalipa arobaini yote, bila neno.
Askari namwacha palepale kwenye gunia.
Msabila ananiita, ananiita tena,
nami mkono mfukoni,
kidole gumba kinapapasa ile shingo.