Taa ya Luthuli

Muuzaji wa Luthuli alinisifia taa kali:
"Hii, dada, itamulika hadi moyo wa samaki."
Nikatoa elfu tatu.
Wiki mbili hazijaisha
mwani ukatanda kwenye kioo, juu ya majani,
kijani cha matapishi.

Nyaboke wa ghorofa ya juu akachungulia:
"Mmea si mshukiwa. Mbona unauhoji usiku kucha?"

Chumba changu Pangani hakijui jua,
ukuta wa jirani ulishalimeza.
Ndiyo maana nilitaka mwanga mwingi, wote, mara moja.

Sasa nina taa ndogo, hafifu kama asubuhi ya Julai.
Masaa saba kwa siku, kisha giza.

Jana jioni jani jekundu
likatoa kiputo kimoja,
kikapanda bila haraka.
Ndengu zikaungua jikoni.
Nikaziacha.