Fungua Mkanda

Kila gari linaposimama kwenye kizuizi changu,
upande huu wa bara, nasema yaleyale, mvuke mdomoni:
Fungua mkanda. Usifunge mlango kwa kufuli.
Mita mia mbili na hamsini nyuma ya aliyekutangulia.
Usisimame njiani hata ukiona kitu kizuri.
Na mwendo: chini ya ishirini na tano
au juu ya arobaini. Katikati, hapana.

Wageni kutoka Tallinn hucheka hapo kwenye mkanda.
Maisha yao yote wameambiwa kaza, uwe salama.
Nawajibu, ndiyo, kule kwenye lami.
Hapa gari likizama, kilichokuokoa kule
ndicho kitakachokushika kiunoni.

Kuhusu katikati hawaulizi.
Chini ya barafu maji hayajalala.
Gari likipita huinua wimbi refu lisiloonekana,
na ukienda kwa mwendo wake, si polepole, si haraka,
mnakwenda pamoja, linakua, mnakwenda, linakua,
mpaka bahari iliyoganda
inapasuka mbele yako kama sahani.

Saa tisa na robo, jua limeshachoka,
likaja gari la buluu la kukodi,
na ndani yake Taavo, kaka yangu,
ambaye sijamtamkia neno tangu auze cherehani ya mama
pamoja na nyumba, pamoja na mtufaha, kwa simu moja.

Nilijua nitafanya nini. Nina ufundi wangu.
Nikiwa na miaka saba, baba akirudi amelewa,
nilihesabu mbao za dari.
Arobaini na moja. Kurudi, arobaini na moja.
Uso unakuwa ukuta, pumzi inakuwa uzi,
na kipigo kinamkosa mtoto asiyekuwepo.
Ufundi ule uliniokoa, sitautukana.
Nimeufunga kiunoni tangu hapo,
hata mbele ya mume wangu Endel,
aliyeondoka akisema, "Aita, kuishi nawe
ni kubisha hodi usiku kucha kwenye nyumba yenye taa."

Taavo akashusha kioo. "Hujambo, Aita."
Moja, mbili, tatu. Mbao zikanijia
hapa penye mbingu tupu.
Na chini ya mfupa wa kifua kitu kikainuka,
nikakitambua kwa mwendo wake.
Haikuwa hasira peke yake. Mlikuwa na mtufaha ndani yake,
na aibu, kwa kuwa mazishini sikumpa mkono,
na njaa pia; sikuwa nimekula tangu alfajiri.

"Fungua mkanda," nikasema.
"Nimeshafungua. Mimi mtu wa kisiwani, umesahau?"

Hasira hasara, tumeambiwa sana.
Hasara ya kunyamaza hakuna aliyetupigia hesabu.
Nikavuta pumzi, baridi ikanikwaruza koo.
"Bado nimekasirika," nikamwambia. Sauti ilitoka
kama mtu anayejaribu kiatu cha mwingine.
"Ile cherehani. Ungeniuliza."
Akatazama usukani. Nyuma yake lori la maziwa likapiga honi.
"Ningekuuliza vipi," akasema. "Hujibu."

Kweli. Na inauma. Na lori linangoja.
Yote matatu yalikuwepo, nami nilikuwa bado nimesimama.

"Wewe ungeendaje leo?" akauliza.
Siku zote ningesema: polepole.
Nikatazama matawi ya mreteni yaliyochomekwa njiani,
theluji jinsi ilivyolala, weusi wa ufa kwa mbali.
"Polepole mpaka kwenye ule ufa," nikasema. "Halafu kanyaga."
"Jumapili nitarudi."
"Nitakuwa zamuni."
Hatukusameheana. Tulipeana ratiba.

Kaljo wa maziwa akasogea, uso umemvimba kwa kungoja.
"Mkanda," nikamwambia. Mkono wangu ulikuwa ukitetemeka
na sikuuficha mfukoni.
Kwa mbali barafu ikalia, mlio mrefu kama wa msumeno.
Heldur, wa zamu ya usiku, husema inayolia imeshika;
ogopa ile inayonyamaza.
Sina hakika kama ana haki. Nilifungua mkate wangu
nikala nikiwa wima, nikisikiliza.