Bila Risiti

Kwa ami Jeneby, kinyozi wa Majengo,
baada ya Isha, mashine zikishapakwa mafuta
na nywele za watu zikishafagiwa hadi mlangoni,
hutandikwa sataranji.

Vyeupe ni vyangu leo. Ngome yangu moja ilipotea
mwaka ule maji yalipoingia mpaka kwenye viti;
pahali pake, pembe ya kushoto,
twaweka kifuniko cha dawa ya meno,
nacho hukaa pale kama mgeni aliyekosa jamvi.

Mbele yangu Bwana Ngonyo,
miaka thelathini na mmoja forodhani Kilindini.
Amefungua makasha ya dunia nzima
na hajaona bado kitu kisicho na bei.
Hata kikombe cha chai hukiinua juu
atazame kitakoni pameandikwa nini.

Kitunda cha shaha, hatua mbili. Naye vivyo hivyo.
Kisha nikakisukuma cha jirani, kile cha mbele ya askofu,
nikakiacha njiani,
hakina mlinzi, hakina barua.

"Hiki cha nini?"
"Chako."
"Wanipa?"
"N'nakupa."
"Bure?"
Nikanyamaza.
Bure ni neno lisilo na fomu Kilindini.

Akavua miwani, akaifuta kwa shuka la kunyolea,
akaivaa, akala.
"Mtoto ashaanza kugawa mali," akasema ami.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sawa.
Lakini hakuna aliyeniambia moyo huo hudunda vipi
mkono ukishaachia.

Farasi akatoka. Vitunda vyake vikaja mbio kumfukuza.
Askofu nikamketisha pale aonapo shingo ya shaha.
Farasi akatishwa; sikumwondoa.
Nikamwingiza shaha wangu ndani, nikafunga mlango.
Bwana Ngonyo akamla farasi pia,
na safari hii hakuuliza.

Basi ana mali. Ghala limejaa,
na walio wake wangali wamelala walikozaliwa:
farasi zizini, maaskofu kifungoni,
malkia hajajifunga hata leso.
Mimi nina uwazi tu.
Safu niliyoilipia kitunda imekuwa barabara,
ngome yangu yaiona mwanzo hata mwisho,
malkia mbele yake, askofu kwa mshazari,
wote watatu macho kwenye nyumba moja,
ile ya ubavuni mwa shaha,
isiyolindwa na yeyote ila yeye mwenyewe.

Dakika kumi hakusema kitu.
Feni yazunguka, yeye atoka jasho.
Mkono ukapapasa mfuko wa shati,
sijui alitafuta kalamu au risiti.

Nikapiga. Shaha akatoka nje, miguu mitupu.
Nikapiga tena, akakimbilia katikati ya ubao.
Halafu nikaishiwa.
Watu wangu watatu hoi, wa nne simwoni.
Akapumua. Akabadilisha malkia kwa malkia,
ikabaki hesabu, na hesabu ni yake.

Nikamlaza shaha wangu.

Hakuinuka. Alivirudisha vyote, kimoja kimoja,
hadi pale nilipoishiwa,
akanyoosha kidole pembe ya kushoto,
akakiburura kile kifuniko cha dawa ya meno
kwenye mstari wa chini, polepole,
kikasimama uso kwa uso na shaha wake.

"Hapa n'nakwisha," akasema.
"Dakika kumi zote nilikuwa nakitazama hiki,
naomba Mungu usikumbuke kuwa ni ngome."

Ami akazima taa ya kioo.
Bwana Ngonyo akaaga, akafika hadi kona ya msikiti,
tukamwona asimama, ajipapasa, arudi.
Akafungua kiganja: kitunda changu.

"Nimepita nacho," akasema,
na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka,
"sikukilipia."