Laini ya Akiba

Jumatatu katapila lilikata mkongo
kwenye karavati, njia ya Gulwe.
Dereva alidhani mzizi.
Aliuvuta, akautupa kando, akaendelea na mtaro wake,
na hospitalini kwetu, hapa Mpwapwa,
dirisha la malipo likafa macho wazi.

Hakuna namba ya malipo, hakuna risiti,
hakuna majibu ya vipimo kutoka Dodoma mjini.
Mama mmoja alisimama tangu saa mbili,
mtoto mgongoni, elfu tano imefundikwa pindoni mwa khanga,
na Sechelela wa mapokezi akirudia
kama anayesoma dua asiyoiamini:
"Mtandao upo chini, mama. Subiri."

Upo chini kweli. Nilikikuta kipande
kwenye udongo mwekundu,
nyuzi za kioo nyembamba kuliko unywele
zinameta bure juani.

Nikasema, tunahitaji laini ya pili.
Mhasibu Ndahani akavua miwani.
"Tulipie kila mwezi kitu kinacholala?"
Kabla sijajibu simu yake ikakwama katikati ya neno,
akapiga tena kwa laini ile nyingine,
maana anazo mbili, kama sisi sote,
na nyumbani kwake simtanki
bado lina maji ya Jumamosi.
Akaniona ninavyomtazama.
Akatia saini.

Kampuni ikaleta kebo mpya, nzuri.
Wakataka kuilaza mtaro uleule,
karavati lilelile, ubavuni mwa mwenzake.
"Ndiyo njia fupi, fundi."
Nikaifuata njia yao kwa miguu, kilomita nne,
nikawarudishia kebo.
Ndugu wawili wakilala kitanda kimoja,
paa likianguka nani ataita majirani?

Ya kwetu ikapita hewani.
Juu ya mnara wa tangi, upepo wa mwezi wa saba
ukinivuta kola kama mdai,
nikaielekeza antena mlima Kiboriani.
Chipanha chini, kompyuta mapajani, akipaza sauti:
"Themanini na moja! Sabini! Umepita, rudi!
Sitini na mbili. Kaza hapo hapo!"

Usiku nikaifundisha ruta adabu:
usiiamini taa ya kijani,
kebo huweza kuwa hai hadi getini
na maiti nje ya geti.
Bisha hodi mbali, kila sekunde tano.
Ukibisha mara tatu bila kuitikiwa
pita mlango wa uani.

Nikachomoa kebo kujaribu. Haikugeuka.
Tarakimu moja tu, nilikosea mimi.
Saa nane usiku nikaiona.

Alhamisi, saa nne, benchi limejaa,
nikachomoa tena, bila kumwambia mtu
ila daktari wa zamu.
Moja. Mbili. Tatu.
Kidole cha Sechelela kikasita juu ya kitufe.
Tisa. Kumi.
Jasho langu likaanza safari yake.
Kumi na sita,
na printa ikakohoa, ikatoa ulimi wa karatasi.
"Namba arobaini na mbili!"

Hakuna aliyegeuza shingo.

Sasa kila mwisho wa mwezi Ndahani huuliza:
"Ile yako imefanya kazi gani?"
"Hakuna," namwambia.
Juzi nilichungulia daftari lake la matumizi.
Mstari wa laini ya pili ameandika, kwa penseli,
*mlinzi wa usiku*.
Sijamsahihisha.