Nukta ya Nne

Mwajabu alirudi na karatasi nene kama gome,
akaiweka juu ya suruali ya mteja:
"Soma, kaka. Insha. Nimepewa tatu kwa kumi."

Mimi breli huisoma kwa macho,
naiinamisha karatasi mpaka taa iangushe
kivuli nyuma ya kila kipele.
Yeye huko hukuita kuchungulia.
Vidole vyangu, asema, vimelala,
sindano zimevitia ganzi.

Nikachungulia:
"Kaka aoa ozaoza. Kaka auza ozaoza."

"Mwajabu, nimekukosea nini?
Sina mchumba,
na sijamuuzia mtu kitu kibovu."
Alicheka hadi akashika meza.
Yeye alikuwa ameandika:
"Mama ana nyanya. Mama auza nyanya."

Ndivyo inavyokuwa nukta ya nne ikikwama.
M inang'oka jino, inakuwa K.
N inafumbua mdomo, inakuwa O.
Y inasinzia, inakuwa Z,
na "yeye" anageuka "zeze",
na "maua", Mungu atuepushe, yanasomeka "kaua".
Wala hakuna aliyekosea.
Mtoto kabonyeza:
kidole cha shahada, mkono wa kulia,
kimeshuhudia kama kilivyofunzwa.
Chuma ndicho kilichokataa kuandika ushahidi.

Mwalimu Mkude anajua. Naye haoni,
na vidole vyake havibahatishi:
anasahihisha kilichopo, si kilichokusudiwa,
maana mtihani, asema, hautasikiliza habari za chuma.
Ana watoto kumi na saba, mashine nne,
chumba cha mwisho, ukishapita vyoo.
Kipuri kimeagizwa tangu masika ya mwaka juzi.
Barua ipo. Ina mhuri.

"Ileteni," nikasema.

Ijumaa mama akaibeba mgongoni kwa kanga,
akakatiza nayo sokoni Tandika, katikati ya matenga.
"Mama Mwajabu, hiyo ya kuhesabia noti?"
"Ya kuandikia."
"Ya nani?"
"Ya mwanangu."
Hakuongeza neno. Ni nzito ile,
na pumzi alikuwa akiibania kilima.

Usiku nikashusha mlango wa bati, nikafungua skrubu.
Ndani ni ndugu wa cherehani:
mikono, springi, pini sita kama meno ya maziwa.
Nilitarajia kisa. Mbegu ya nyanya, labda,
au shanga ya shoga yake wa dawati moja.
Nikakuta kutu.
Kutu tu, ule unyevu wa jiji hili
unaotafuna bawaba za msikiti na za kanisa
bila kuuliza dini.

Msasa. Tone la mafuta.
Springi niliyoing'oa kwenye cherehani kilichokufa.
Mwajabu kakaa kwenye ndoo, kainamisha sikio.
"Bado. Inashuka kwa uvivu."
Nikafungua tena.
"Bado."
Mara ya tano hakusema kitu. Aliingiza karatasi.

Akaandika, akaandika,
kengele ikalia mwisho wa mstari,
ikalia tena, mama akaja na sahani ya wali
akasimama nayo mpaka ukapoa.
Kisha akanisukumia:
"Haya, chungulia."

"Mama ana nyanya. Mama auza nyanya.
Kaka hana mchumba."

Ile tatu kwa kumi haijafutwa, ipo daftarini.
Na Jumatatu, bati sijalipandisha hata nusu,
nikaona miguu miwili ya mwanamume
na midogo miwili kando yake, ya mtoto,
na katikati mfuko wa salfeti umekaa chini kwa uzito.
"Tumeelekezwa na Mwalimu Mkude," mwanamume akasema.
"Hii haipigi ya sita."

Nikaiondoa mezani suruali ya mteja.