Mara Moja na Nusu

Nyuma ya soko la Kenya
(Kenya mtaa wetu wa Lubumbashi, si nchi ya watu)
Kisimba hutandaza gunia, na juu ya gunia vioo:
miwani ya marehemu, saa zisizo na mishale,
darubini tatu za bunduki zilizovishwa soksi.

"Hii huvuta mara kumi na sita," akasema.
"Utamhesabu pongo kope."
Nikaipokea kwa mikono miwili, kama mtoto wa mwenzangu.
Neli yake nene kama mchi.

Nikavuka kwa Mama Feza muuza ndakala,
nikaomba mizani. Akapangusa magamba kwa pindo la kitenge.
Gramu mia saba na arobaini.
"Samaki gani huyu asiyenuka?"

Bunduki yangu naibeba kwa miguu
toka kizuizi cha barabara ya Kasenga,
na ikifika saa sita kila gramu imeshazaa.
Tena kumi na sita za nini?
Kwetu ni misuku na vichuguu,
vichuguu na misuku.
Hatua themanini ndiyo mbali yetu;
mnyama aliye mbele ya hapo ni uvumi.

Na kuna jingine. Sikumwambia Kisimba.

Mwaka ule niliazima darubini ya mkubwa mmoja,
nikamwona pongo bega tu, bega lililojaa kioo
kama ukuta wa manyoya.
Nikafyatua. Bega likaondoka.
Nyuma ya majani baiskeli ikaanguka, kengele ikalia peke yake.
Chansa, mchoma makala, alisimama ameshika gunia
lililokuwa likimwagika kwenye tundu dogo,
taratibu, kama mtu anayehesabu.
"Elfu kumi na tano," akasema.
Nikalipa. Hatukusema lingine.

Tangu hapo sitaki kioo kinachonipa kitu kimoja.

Ya tatu ilikuwa fupi, imechubuka,
mara moja na nusu hadi nne.
Gramu mia mbili na themanini: Mama Feza akaguna,
"Hiyo hata paka hashibi."
Nikaielekeza barabarani.
Nikamwona yeye, mizani yake, mbuzi,
mtoto na tairi lake, pande zote mbili za njia,
na kule nyuma bomba la moshi la kiwanda, zima.
Nikazungusha pete; ikakwaruza kama ugali wenye mchanga.
Kwenye nne, nzi juu ya ndakala, akinawa mikono.

Nikatikisa kichwa kushoto, kulia: msalaba haukuhama.
Nikapima vidole vinne toka jichoni,
maana nyusi yangu ina kovu
la darubini iliyopenda kubusu.
Kisha nikaizamisha kwenye ndoo ya Mama Feza.
Kisimba akapiga yowe kama aliyezamishwa yeye.
Tukasubiri, watatu, vichwa juu ya ndoo.
Povu hata moja.

"Dola tisini."
"Arobaini."
"Rahisi huvunja upishi, mzee."
"Na ghali huniacha bila chungu."
Hamsini na tano, na soksi akanipa bure.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Chansa,
tanuri lake likitoa moshi chini ya udongo.
Nikampa darubini, bunduki nimeiacha kabatini.
Akachungulia miti muda mrefu,
akaizungusha, akairudisha.
"Mimi ningeonekana?"

Sikuwa na jibu la mdomoni.
Akachukua baiskeli, akaikokota
hadi nyuma ya kile kisuku kilekile, au ndugu yake,
akasimama kimya, gunia begani.

Nikainua kioo, mara moja na nusu.
Majani. Kichuguu. Majani.
Shati la bluu lililofifia kwapani,
usukani, mkono mweusi wa makala,
na nafasi tele kila upande wake.

"Nakuona," nikapaza sauti.

Akapiga kengele hata hivyo.